Boksi Zima, Mashine Imevunjika
Mhadhara kwa wapenzi wa santuri, Kinondoni, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wote, habari za jioni.

Naomba mnyamaze kidogo msikilize. [Anatikisa boksi.] Mmeisikia hiyo chakacha? Sauti hiyo niliisikia mara ya kwanza nikiwa mbele ya dirisha la kuchukulia vifurushi, hapa hapa mjini, risiti ya ushuru ikiwa mkononi. Nilikuwa nimedunduliza miezi minane kununua mashine ya kuchezea santuri kutoka ng'ambo: Technics SL-1200, toleo la pili, lililoanza kutoka mwaka 1979, mashine ambayo madijei wa dunia nzima wameifanyia kazi. Karani alinisukumia boksi, nikalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Ndipo likachakacha. Kabla sijakata selotepu nilishajua.

Ndani, sahani ya kuzungushia santuri ilikuwa imechomoka kwenye mhimili wake. Ilikuwa imeupiga mkono wa mashine, ule unaobeba sindano, ukapinda, kichwa cha sindano kimeng'oka, na kifuniko cha plastiki kimepasuka penye bawaba zote mbili. Lakini kilichonitafuna moyo ni kitu kingine. Boksi lenyewe kwa nje lilikuwa zima. Halikubonyea hata pembe moja.

Kila niliyemsimulia aliniambia yale yale: wabebaji hawana huruma, mizigo wanaitupa. Na mimi niliyasema hayo kwa wiki nzima. Kisha jioni moja nikatandika mkeka, nikapanga vipande vyote, nikaanza kuvisoma kama fundi gereji anavyolisoma gari lililopata ajali. Nikaona michubuko ya nusu duara kwenye mkono, inalingana barabara na ukingo wa sahani. Nikaona kifuniko kimepigwa kutoka ndani. Aliyeivunja mashine ile hakuwa nje ya boksi. Mashine ilijipiga yenyewe safari nzima, kwa sababu mwenye nayo aliituma ikiwa imeunganishwa vile vile kama ilivyokaa mezani kwake.

Jioni ya leo nataka tuongee juu ya hilo tu. Kitu chetu hakivunjiki barabarani. Huko barabarani ndiko kinakofika kikiwa kimeshahukumiwa mezani, siku kilipofungwa.

Tupige hesabu kidogo, msiogope, ni ya kugawanya tu. Boksi linadondoka kutoka kimo cha meza, tuseme sentimita 75. Hilo si tukio la ajabu, litatokea, na kwa safari ndefu litatokea zaidi ya mara moja. Likifika chini lazima lisimame. Swali ni kwamba kilichomo ndani kinasimama ndani ya umbali gani. Kama kuna karatasi ya boksi tu, inayobonyea nusu sentimita, gawanya 75 kwa nusu: unapata 150. Maana yake, kwa kitambo kile kifupi kila kitu mle ndani kinasukuma kana kwamba uzito wake umezidishwa mara 150. Sahani ya mashine ile, pamoja na mpira wake, ina karibu kilo 2. Kwa kitambo kile inasukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 300. Hapo imekaa juu ya mhimili mwembamba kuliko kidole changu, na pembeni yake kuna mkono unaoning'inia kwenye vyuma vidogo vilivyochongoka kama ncha ya sindano ya cherehani.

Sasa weka sponji nzuri, inayobonyea sentimita 2 na nusu. 75 gawanya kwa 2 na nusu ni 30. Kilo 300 zimeshuka hadi 60. Ni nafuu kubwa, na ndiyo kazi ya sponji: inampa mdondokaji nafasi ya kusimama taratibu. Lakini kilo 60 juu ya mhimili ule bado ni mtu mzima amekaa juu yake. Ndiyo maana sponji peke yake haitoshi. Sahani lazima ivuliwe. Hata kiwandani mashine hizi zilitoka sahani ikiwa kando, imelala kwenye shimo lake ndani ya sponji ngumu nyeupe. Waliozitengeneza walijua. Sisi tukishazitoa kwenye boksi lake la kwanza tunasahau kwamba ziliwahi kuwa vipande.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Vua sahani, ifunge peke yake, na uilaze sakafuni mwa boksi, chini ya mashine, katikati ukiweka ubao mwembamba au tabaka mbili za katoni. Kizito kikae chini. Vua kile chuma cha duara cha nyuma ya mkono, kinachosawazisha uzito wa sindano. Hicho watu wengi hukisahau, na ni nyundo ndogo kamili. Vua kichwa chenye sindano, kitie kwenye kikopo chake. Funga kishikio cha mkono, halafu ufunge na uzi laini wa pamba juu yake, kwa sababu kile kishikio cha plastiki kimewekwa kuuzuia mkono usitembee mezani, hakikutengenezwa kwa ajili ya barabara ya Morogoro. Kifuniko kiondolewe na bawaba zake, kisafiri kimesimama wima ubavuni, kimevalishwa naironi ya mapovu.

Kwa mashine zile ambazo sahani yake inazungushwa na mkanda na kukalia springi, kama Thorens TD 160, kuna skrubu za safari, za kuzuia springi zisicheze. Zikazwe. Aliyezipoteza achonge vipande vya sponji ajaze chini ya springi mpaka pasitikisike kitu. Kisha boksi ndani ya boksi, na baina ya maboksi mawili pawe na sentimita 5 za sponji kila upande, pande zote sita, juu na chini pia. Sponji ya godoro la zamani la Kariakoo inafaa kabisa ikiwa haijasagika. Magazeti yaliyokunjwa mimi nayakataa: yakishadondoshwa mara mbili yanakuwa bapa, na nafasi uliyoiacha inageuka uwanja wa kukimbilia.

Mashine nimeitaja kwanza kwa sababu ndiyo iliyoniumiza, lakini mashine hununuliwa nyingine. Ngoja niwaonyeshe hii. Naomba ipite mkono kwa mkono, ishikwe ukingoni tu.

Hiyo ni santuri ya mizunguko 78 kwa dakika. Mnaona ilivyo nzito? Ina uzito wa kama gramu 200, na inabeba wimbo wa dakika tatu hivi kila upande. Si plastiki hiyo. Ni utomvu wa mdudu mdogo wa India na Thailand anayeishi kwenye matawi ya miti, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Kwa hiyo inaposhikwa, ifikirie kama sahani ya kaure. Ikidondoka haipindi. Inavunjika tu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Zilichapwa kwenye santuri za namna hii, zikarudi kwa meli, zikauzwa pwani yote. Mnaelewa maana yake? Sauti ya kwanza ya mwambao wetu kuenea kwa santuri ilisafiri kama shehena ya vitu vya kuvunjika. Zilizobaki leo ni zile zilizofungwa vizuri na mtu ambaye jina lake hatutalijua. Hata baadaye, bendi zetu za dansi zilizorekodi hapa kwenye studio za redio Barabara ya Pugu, ile tunayoiita leo Barabara ya Nyerere, santuri zao nyingi zilichapwa Nairobi, kwa sababu sisi hatukuwa na kiwanda. Karibu kila santuri ya Kitanzania unayoishika imewahi kuwa kifurushi.

Hii ya mdudu ina sheria zake. Usiilaze. Santuri 20 ni kilo 4, na ukizilaza ile ya chini inabeba zote. Zisimamishe wima, zibanane, kila moja baina ya katoni mbili zilizo pana kuliko yenyewe ili ukingo usiguse kitu. Tano tano, si zaidi, halafu fungu zima lielee katikati ya sponji. Ikitokea imevunjika, nawasihi msitupe kipande hata kimoja, hata kile kidogo kama ukucha. Kule Marekani, wanafizikia wa maabara ya Berkeley walibuni mtambo uitwao IRENE unaopiga picha mifereji ya santuri kwa ukaribu mno na kuisoma sauti bila sindano kuigusa. Maktaba ya Bunge la Marekani imeutumia kwa santuri zilizovunjika. Sauti inaweza kurudi kutoka vipande, lakini si kutoka kwa kipande kilichofagiliwa.

Zile za plastiki, yaani LP, zile kubwa zenye nyimbo nyingi, na zile ndogo za mizunguko 45, adui yao mwingine ni joto. Hapa nakiri kosa langu. Nilimtumia binamu yangu Tabora LP nne kwa basi, nimezifunga kwa sponji vizuri kabisa, nikamwomba utingo aziweke mbele asizichanganye na mizigo ya kule chini. Akaziweka mbele kweli, juu ya kifuniko cha injini. Alitimiza nilichomwomba. Zilifika zimekunjamana kama chapati, na moja ilikuwa ya marehemu baba. Siku hizi naandika juu ya boksi maneno kamili: "Weka mbali na injini na jua." Na LP naitoa kwenye gamba lake la katoni, naiweka nyuma ya gamba ikiwa ndani ya mfuko wake wa ndani, maana ikibaki ndani, kila ikidondoka inakata mshono wa gamba kama kisu.

Kuhusu maandishi, niseme wazi. Alama ya glasi na mishale miwili ya kuonyesha juu ibandikeni, lakini msiitegemee. Kwenye vituo vikubwa vya ng'ambo vifurushi hupita kwenye mikanda ya mashine, na mkanda hausomi. Funga kana kwamba hakuna atakayesoma.

Isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni wa forodha. Kazi yake ni kufungua, na ana haki ya kufungua. Wewe umepanga sponji zako kwa saa mbili; yeye ana foleni, atatoa kila kitu, aangalie, arudishe anavyoweza. Nimeona sahani iliyovuliwa kwa uangalifu ikirudishwa juu ya mkono wa mashine badala ya chini yake, na aliyefanya hivyo hakukusudia ubaya, hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo mwambieni muuzaji aweke picha juu kabisa, kitu cha kwanza kuonekana boksi likifunguliwa: mchoro wa kipi kinakaa wapi, namba moja, mbili, tatu, na namba hizo hizo zibandikwe kwenye vipande. Mimi huomba na mstari wa Kiswahili ninaomwandikia mwenyewe: "Ndugu, tafadhali anza na namba 1 chini. Asante kwa kunitunzia." Tangu nianze kufanya hivyo, vifurushi vyangu vilivyofunguliwa vimerudishwa kwa mpangilio ule ule. Watu wakielezwa kwa heshima wanatunza.

Siku ya kupokea, msiwe na haraka ya kwenda nyumbani. Litikiseni pale pale dirishani. Pigeni picha pande zote sita kabla ya kukata, kisha fungueni mbele ya karani kabla hamjasaini kama mtaruhusiwa, na kila tabaka lipigwe picha. Boksi na sponji zisitupwe mpaka shauri liishe, kwa maana kwa kawaida madai ya fidia hufunguliwa na aliyetuma, kule kifurushi kilikotoka, naye hana ushahidi mwingine zaidi ya huo wenu.

Ile Technics yangu, mkono wake niliubadilisha baada ya mwaka na miezi. Ndiyo hiyo inayotuchezea jioni hii, mmeisikia tangu mlipoingia.

Na hili boksi la pili hapa mezani halikuja kwa ajili ya maonyesho. Ndani yake mna santuri tano za 78 za marehemu shangazi wa mwenzetu mmoja aliyekaa humu. Kesho alfajiri linapanda basi pale Mbezi kwenda Tanga, kwa mzee ambaye hajazisikia tangu ujana wake. Nimelifunga jana usiku, lakini nililifunga peke yangu na nilikuwa nimechoka. Naomba kila mmoja wenu akipita kwenda kuchukua chai alinyanyue, alitikise taratibu, aweke sikio. Atakayesikia chochote aniambie, tulifungue upya hapa hapa.