Kifulfulde, maziwa na Injili: wamisionari kati ya Wafulani

Mheshimiwa mwenyekiti, wachungaji, walimu na ndugu wanafunzi, nawasalimu.

Nianze na redio, maana huko ndiko sisi na Wafulani, wale wafugaji wa Afrika Magharibi, tulikokutana bila kujuana. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo kikubwa cha redio Addis Ababa. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, na studio ikaitwa Sauti ya Injili. Miaka mitatu baadaye ikafunguliwa studio ya Kifulfulde, lugha ya Wafulani, huko Ngaoundéré, Kameruni, nayo ikaitwa Sawtu Linjiila. Naona mnacheka, hakuna aliyehitaji mkalimani. Wao na sisi tulichota kisima kimoja cha Kiarabu.

Na hapo ndipo ugumu wa mmisionari ulipoanzia. Lugha aliyokwenda kujifunza ilikuwa na wasomi wake tayari. Usman dan Fodio, mwanazuoni wa Kifulani wa kaskazini mwa Nigeria ya leo, alianzisha jihadi mwaka 1804, na binti yake Nana Asma'u akatunga mashairi ya dini kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu, yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu kama tenzi zetu za Pate na Lamu. Mwalimu wa Kikristo aliyesema "Mungu", "nabii" au "dua" kwa Kifulfulde alikuwa akisema kwa maneno ambayo msikilizaji wake alifundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu utotoni, na maana zake anazo.

Hata hivyo walijifunza, na wengine walijifunza vizuri sana. C. A. L. Reichardt wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, aliyefanya kazi Sierra Leone, alichapisha sarufi yake mwaka 1876. Karne iliyofuata Padre Dominique Noye, wa shirika la Kikatoliki la Waoblati, aliyeishi kaskazini mwa Kameruni, aliandika kitabu cha kufundishia Kifulfulde cha Diamaré, lahaja ya huko, na baadaye kamusi ambayo wataalamu wanaitumia hadi leo. Si kazi ndogo. Ngeli zinapita 20, nazo hukaa mwishoni mwa neno, na herufi ya kwanza nayo hubadilika: Mfulani mmoja ni pullo, wengi ni fulɓe, mwanamume ni gorko, wanaume ni worɓe. Mzungu hutoka jasho hapo. Sisi tungetoka jasho kidogo zaidi ya nusu yake, kwa kuwa mtu aliyekua na "kiti kimevunjika, viti vimevunjika" hashangai lugha inapopanga vitu kwa makundi. (Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, aliwaweka Wafulani kwenye kundi la "Wahamiti" mwaka 1912, kwa hoja zilizochanganya sarufi na rangi za watu. Mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alikuja kuufuta upuuzi huo, lakini ulikuwa umeshaingia vichwani mwa wengi.)

Sasa, lugha hiyo iliwafikisha wapi? Tukae Adamawa, eneo la Kameruni ulipo mji wa Ngaoundéré, kwa sababu huko habari zake zinajulikana. Wamisionari wa Norwei walifika Ngaoundéré mwaka 1925, na Wamarekani wakiongozwa na Adolphus Gunderson walikuwa wameingia eneo hilo karibu wakati huohuo. Mji ulikuwa chini ya lamido, mtawala wa Kifulani, lakini ulijengwa katika nchi ya Wambum, na kulikuwa na watumwa wengi. Kifulfulde kilikuwa lugha ya sokoni, ya baraza na ya bwana kwa mtumwa wake. Wamisionari wakajifunza hicho, wakahubiri kwa hicho, na waliobatizwa wakawa Wagbaya, Wadii na Wambum. Wafulani waliobatizwa walikuwa wachache mno.

Ukitaka kuelewa, tazama kwetu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili, kisha akahamia Rabai kwa Wamijikenda. Bagamoyo mwaka 1868 na Freretown mwaka 1875 vilikuwa vijiji vya watumwa waliokombolewa. Kiswahili kikaipeleka Injili bara hadi Kongo, na Waswahili wenyewe wa Mombasa na Lamu wakabaki na msikiti wao. Kwa hiyo msiseme Mnorwei alishindwa lugha. Aliiweza. Ila lamido alimwona kama mtu anayefungulia mlango watumwa wake, na hakuna sarufi inayolifuta hilo.

Uhusiano na Mfulani ulipopatikana, mara nyingi haukuanzia kanisani. Ulianzia kwenye zahanati, au kwenye maziwa. Mwanamke wa Kifulani hubeba maziwa mgando kwenye kibuyu kipana kichwani, akapita nyumba kwa nyumba, akayapima kwa kata ya kibuyu kidogo. Mgeni anayenunua kila siku kwa mama yuleyule, akauliza hali ya watoto, ya mume, ya mvua na ya ng'ombe, na kila swali likajibiwa "jam", amani, huyo amefungua mlango. Anayenunua harakaharaka na kurudi kwenye dawati lake kutafsiri amenunua maziwa tu. Mfulani ana adabu yake, pulaaku, na ndani yake mna haya, uvumilivu na busara. Anayeonyesha njaa, hasira au haraka mbele za watu amejishusha. Sasa mfikirieni mmisionari mwenye saa mkononi na ripoti ya kupeleka makao makuu! Na usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Wamaasai mliomo humu hamhitaji maelezo.

Jambo la lahaja nitalipita upesi. Biblia nzima ya Kifulfulde cha Adamawa ilitoka mwaka 1983, lakini Mfulani wa Futa Jalon, Guinea, husema Kipular, na kitabu hicho kitamsumbua. Kazi ya kutafsiri imebidi irudiwe nchi kwa nchi.

Linalonikera ni hili la leo. Mwinjilisti anayekwenda kwa Wafulani siku hizi mara nyingi ni Mwafrika, na Nigeria huenda ni mtoto wa mkulima wa jimbo la Plateau au Benue, ambako wakulima na wafugaji wanauana kwa ajili ya ardhi na malisho. Huenda amemzika ndugu. Na Mfulani naye ana makaburi yake: Machi 2019 kijiji cha Ogossagou, Mali, kilivamiwa wakauawa Wafulani zaidi ya 150. Kwenye makanisa yetu nimesikia "Mfulani" likitamkwa kama jina la kosa la jinai, kisha ibada hiyohiyo ikachangisha sadaka ya kumpelekea mmisionari. Mfugaji anayo simu, na hayo anayasikia.

Basi kijana anayetumwa huko afundishwe Kifulfulde, sawa, mwaka mmoja au miwili. Lakini siku ya kwanza, kabla ya salamu kwisha, ataulizwa kwao ni wapi. Bodi inayomtuma ikae naye kwanza juu ya jibu hilo, na juu ya msimamo wa kanisa lake kuhusu njia za mifugo, maana swali la pili litakuwa hilo.

Karibuni kwa maswali.