Iron Maiden na Marekani: Kutoka 147 Hadi 3

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wa magitaa. Baraka, jana usiku umenitumia namba mbili tu: 147 na 3. Nimelala nazo kichwani.

BARAKA: Ndiyo hadithi yenyewe, dada. 147 ndipo ilipoishia The X Factor, albamu ya Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, 1995. Na 3 ni albamu yao Senjutsu, 2021. Bendi ile ile, nchi ile ile.

ZUHURA: Twende polepole. Mpiga besi Steve Harris aliianzisha mashariki mwa London, 1975. Marekani waliingiaje?

BARAKA: Kwa kuwatangulia wakubwa jukwaani. 1981 walizunguka na bendi ya Judas Priest, Paul Di'Anno akiwa bado mwimbaji. Mwaka uliofuata yupo Bruce Dickinson, imetoka albamu ya The Number of the Beast, na vikundi vya Wakristo kule vikachoma sahani zao moto, eti wanamwabudu shetani.

ZUHURA: Hapo huwa naumia. Harris ameeleza kuwa wimbo wenye jina la albamu ile ulitokana na ndoto mbaya aliyoota baada ya kutazama filamu. Ibada iko wapi? Ila kijana wa miaka 15 akisikia sahani fulani inachomwa, ataitafuta mpaka aipate.

BARAKA: Na aliitafuta, maana redio hazikuwapiga sana. Wao wakategemea ziara, mji baada ya mji. Machi 1985 wakapiga usiku 4 mfululizo Long Beach Arena, California. Sehemu kubwa ya Live After Death, albamu yao ya jukwaani, imerekodiwa pale. Dickinson akiwaita watu wa Long Beach wapige kelele, mimi mwili wote unanisisimka hadi leo.

ZUHURA: 1993 akaondoka.

BARAKA: Nafasi ikachukuliwa na Blaze Bayley, na watu wanamtwika lawama zote. Sikubali! Marekani ilikuwa imeshahamia kwa bendi za grunge za Seattle, na metali ya miaka ya 80 ilikuwa imekosa pa kusimama. Maiden walirudi kule kupiga kwenye vilabu.

ZUHURA: Lakini na sauti pia, Baraka. Bayley ana sauti nzito, na nyimbo za zamani zilitungiwa koo la Dickinson. Kila usiku alivishwa shati la mtu mwingine.

BARAKA: Hapo umenishika. 1999 Dickinson akarudi, pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith. Janick Gers, aliyekuwa ameshika nafasi ya Smith, hakuondolewa, magitaa yakawa matatu. Agosti 2000 wakajaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York.

ZUHURA: Sasa hiyo 3 nina shaka nayo. Siku hizi wanunuzi wa albamu ni wachache. Ukiwa na mashabiki wanaonunua CD wiki ya kwanza, unapanda. Haimaanishi Wamarekani wengi zaidi wanawasikiliza kuliko 1983, albamu yao Piece of Mind ilipofika 14.

BARAKA: Kweli kabisa. Ila mtazame huyo anayenunua. Alikuwa Long Beach akiwa kijana, miaka ya vilabu hakuwaacha, na sasa anakwenda kwenye tamasha na binti yake. Chati haina safu ya kumwandika mtu wa namna hiyo.

ZUHURA: Basi tumpigie yeye. Weka ule usiku wa Long Beach, na sauti ipande.