Maswali Matatu ya Saa Moja ya Sitaha

Mabibi na mabwana, saa ya sitaha haikuundwa kwa ajili ya mapambo. Kronomita ya meli, yaani saa yake kuu yenye usahihi mkubwa, ilibaki chini, ndani ya kasha lake, bila kuguswaguswa. Ofisa wa urambazaji aliilinganisha saa hii nayo, kisha akapanda nayo sitahani kupima kimo cha jua au nyota kwa sekstanti. Kosa la sekunde 4 tu, kwenye Ikweta, huiweka meli maili moja ya baharini kando ya mahali ilipo.

Anayeuliza asili ya saa hiyo huuliza mambo matatu kwa mpigo: nani aliitengeneza, jeshi gani liliimiliki, na ilikabidhiwa meli ipi. Uso wa saa hujibu la kwanza peke yake, tena si wa kuaminiwa sana, kwani nyuso hupakwa rangi upya na akrabu hubadilishwa. Ndiyo maana mimi huanza mgongoni.

Tuchukue saa ya Ulysse Nardin, kampuni ya Le Locle, Uswisi. Mgongoni zimechongwa herufi H na S, katikati yake ukiwa mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na chini yake tarakimu 2. Hiyo ni saa ya Idara ya Haidrografia, yaani ya upimaji wa bahari, ya Jeshi la Majini la Uingereza. Tarakimu 3 huonyesha daraja la chini ya hilo. Mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha humaanisha kwamba serikali yenyewe iliiondoa kazini na kuiuza. Wauzaji wengi huiita saa ya Kiingereza, ilhali Uingereza iliinunua tu.

Hamilton Model 22, saa ya Kimarekani iliyotengenezwa Lancaster, Pennsylvania, haisumbui: ina vito 21, kipimo cha kamani usoni kinachoonyesha imebaki na nguvu kiasi gani, na namba ya mashine inayoanza na 2F. Tai aliyechongwa kama alama ya Kriegsmarine, jeshi la majini la Ujerumani ya Wanazi, kinyume chake, mtazameni kwa shaka, kwa sababu ndiye anayepandisha bei, na kuchonga tai ni kazi ya mchana mmoja.

Swali la meli hujibiwa na daftari. Kwa saa za Uingereza, madaftari ya Royal Greenwich Observatory, kituo cha kuchunguza anga kilichosimamia saa za jeshi la majini, yamehifadhiwa Cambridge na huzitaja saa hizo kwa jina la mtengenezaji na namba ya saa, pamoja na meli ilikopelekwa. Nendeni huko na namba iliyo kwenye saa yenyewe, kamwe si ya kasha la mbao, maana makasha yalibadilishana saa mara nyingi.