Sifa ya Utulivu: Jinsi Umma Ulivyolipokea Janga la Japani la 2011

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna umma ulivyoyapokea yale yaliyofuata baada ya tetemeko la ardhi na tsunami vilivyoipiga Japani tarehe 11 Machi 2011. Nitaanza na jambo ambalo wengi wenu mlilisikia wakati ule, maana lilisemwa kila pembe ya dunia ndani ya juma la kwanza: kwamba Wajapani ni watu watulivu kupita kiasi, kwamba walipanga foleni kwa adabu mbele ya maduka yaliyokwisha bidhaa, na kwamba hapakuwa na uporaji. Sifa hizo zilitolewa kwa nia njema. Hata hivyo, hoja yangu jioni ya leo ni kwamba, pamoja na ukweli uliomo ndani yake, ziliwafaa wakubwa waliokuwa na maswali ya kujibu kuliko zilivyowafaa wafiwa, na kwamba Wajapani wengi walilipokea janga lile kwa hasira, ubishi na kesi zilizodumu kwa zaidi ya miaka kumi, mambo ambayo dunia haikuyapigia makofi.

Kwa ufupi, tetemeko hilo lenye ukubwa wa 9.0 lilitokea saa 8:46 mchana kwa saa za huko, chini ya bahari, mashariki ya kisiwa cha Honshu. Mawimbi yaliyofuata yalipanda miteremko, mahali pengine hadi kimo cha karibu mita 40. Watu wapatao 15,900 walithibitishwa kufa, na wengine zaidi ya 2,500 hawajapatikana hadi leo. Katika mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, maji yalizima majenereta ya dharura, mashine za kupoza zikasimama, na mafuta ya nyuklia ndani ya vinu vitatu yakayeyuka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Utulivu ule haukuwa hadithi ya kutungwa. Wananchi na askari waliookota makasha ya fedha katika vifusi waliyapeleka polisi kwa maelfu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudishwa kwa wenyewe au kwa warithi wao. Katika kumbi za michezo za shule zilizogeuzwa makazi ya muda, watu waliopoteza nyumba walijipangia zamu za kupika na kusafisha vyoo bila kusubiri mtu wa kuwaamuru. Lakini picha haikuwa ya rangi moja. Katika eneo lililohamishwa kuzunguka mtambo, mashine za kutolea fedha zilivunjwa na kuibwa, na Tokyo, mji ambao mawimbi hayakuuharibu, rafu za mchele, betri na karatasi za chooni zilibaki tupu kwa siku kadhaa. Tarehe 23 Machi, ilipotangazwa kuwa maji ya bomba ya sehemu za jiji hilo yasipewe watoto wachanga kwa sababu ya iodini yenye mionzi, maji ya chupa yaliisha madukani upesi. Siwalaumu waliokimbilia maduka. Mzazi yeyote angefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba watu hao hawakuingia katika simulizi, kwa kuwa simulizi ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Naomba tujiulize sasa sifa hiyo ilimfaa nani. Sisi tuliozoea kuambiwa tuvumilie kila maji yanapokatika hatuhitaji maelezo marefu: anayesifiwa kwa subira huona haya kulalamika. Siku tatu tu baada ya janga, Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisema kuwa tsunami ile ilikuwa adhabu ya mbinguni kwa ubinafsi wa Wajapani. Watu walighadhibika, akaomba radhi siku iliyofuata. Hata hivyo, tarehe 10 Aprili alichaguliwa tena kuliongoza jiji. Yeye ndiye pia aliyewataka wakazi wajizuie kufanya sherehe za kutazama maua ya micheri, naye hakuwa peke yake, kwani kote nchini matamasha na karamu zilifutwa kwa heshima ya marehemu. Waliojitokeza kupinga jambo hilo hawakuwa walevi wa Tokyo. Walikuwa watengenezaji wa pombe ya mchele wa Iwate, mmoja wa mikoa iliyopigwa, ambao kupitia video kwenye mtandao waliwasihi wenzao waende wakatazame maua na wanywe, kwa sababu huzuni ya watu wa mbali ilikuwa inawafilisi.

Hasira yenyewe haikuchelewa. Tarehe 21 Aprili, Waziri Mkuu Naoto Kan alitembelea kituo cha waliohamishwa mjini Tamura, mkoani Fukushima. Alipokuwa anaelekea mlangoni, baadhi ya waliokuwemo walimpigia kelele wakimuuliza kama ndiyo anaondoka tayari. Akarudi, akainama, akaomba msamaha. Siku iliyofuata, mjini Koriyama, rais wa kampuni ya umeme ya TEPCO inayomiliki mtambo ule, Masataka Shimizu, alipiga magoti mbele ya watu waliokuwa wamekaa juu ya mablanketi yao, nao wakamkemea hadharani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo uliendelea kukua: tarehe 16 Julai 2012, maandamano ya kupinga nyuklia katika bustani ya Yoyogi, Tokyo, yalikusanya watu 170,000 kwa hesabu ya waandaaji, na 75,000 hivi kwa hesabu ya polisi. Hata tukichukua hesabu ya polisi, nchi hiyo ilikuwa haijaona umati wa namna hiyo barabarani kwa miongo mingi.

Mwezi huo huo tume huru iliyoundwa na Bunge, chini ya uenyekiti wa Kiyoshi Kurokawa, ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba ajali ya Fukushima ilisababishwa na binadamu. Hukumu hiyo ilikuwa na msingi, kwani mwaka 2008 hesabu za ndani za TEPCO zilikuwa zimeonyesha kuwa tsunami ya mita 15.7 ingeweza kufika hapo, ilhali mtambo ulikuwa umekingwa dhidi ya mawimbi ya mita 6 hivi. Ila dibaji ya toleo la Kiingereza ilidai kuwa mzizi wa tatizo ulikuwa katika utamaduni wa Wajapani, katika utii wao na uzito wao wa kuhoji wakubwa, madai ambayo toleo la Kijapani halikuyabeba namna hiyo. Wachambuzi waliikosoa dibaji hiyo, na naona walikuwa na haki, kwani tabia ile ile iliyosifiwa Machi 2011 sasa ilikuwa inatajwa kuwa chanzo cha ajali, na kwa njia zote mbili watu mahususi walioipokea hesabu ya mita 15.7 walipata mahali pa kujificha. Lawama inayogawiwa taifa zima haimfikii mtu.

Mfano ambao ningependa tuukazie macho, kwa kuwa ndani yake umma unaonekana kwa sura zake zote, ni wa Shule ya Msingi ya Okawa katika mji wa Ishinomaki. Shule hiyo ilikuwa kando ya mto Kitakami, kilomita 4 hivi kutoka baharini. Baada ya tetemeko, watoto walitolewa madarasani wakasimamishwa uwanjani kwa takribani dakika 45, huku walimu wakijadiliana waelekee wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima, na magari ya manispaa yalipita barabarani yakitangaza kwa vipaza sauti kuwa bahari inakuja. Hatimaye waliondoka kuelekea mahali palipoinuka kidogo karibu na daraja la mto, yaani upande ule ule maji yalikokuwa yanatokea. Kati ya wanafunzi 108 wa shule hiyo, 74 walikufa au hawakuonekana tena, pamoja na walimu na watumishi 10.

Wazazi walitaka kujua jambo moja: kwa nini kilima hakikupandwa. Maofisa wa elimu waliwahoji watoto walionusurika, kisha kumbukumbu za mahojiano hayo zikatupwa. Machi 2014, wazazi wa watoto 23 walifungua kesi, na hapo ndipo ule umma uliokuwa ukisifiwa kwa mshikamano uligeuka. Walitukanwa, wakaambiwa wanatafuta fedha kupitia vifo vya watoto wao, na majirani waliofiwa vilevile lakini hawakwenda mahakamani wakajitenga nao. Sioni ajabu kubwa hapo. Jamii inayojivunia subira humwona mwenye kudai haki kuwa ndiye mvunja amani, na wahamishwa wa Fukushima walilijua hilo pia, ambao watoto wao walionewa na wenzao katika shule za ugenini kana kwamba mionzi ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mahakama ya Wilaya ya Sendai iliwapa wazazi ushindi Oktoba 2016, ikiwalaumu walimu waliokuwa uwanjani. Rufaa ya Aprili 2018 ilikwenda mbali zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo hukumu muhimu kuliko zote zilizotokana na janga hili. Mahakama ya rufaa iliona kosa lilianza kabla ya tarehe 11 Machi, kwa uongozi wa shule na bodi ya elimu ambao haukutayarisha mpango unaoeleweka wa mahali pa kukimbilia. Ramani ya hatari ya mji iliiweka shule hiyo nje ya eneo la mafuriko, nayo mahakama ikasema kuwa wenye dhamana ya watoto walipaswa kuichunguza ramani hiyo kwa ujuzi uliozidi ule wa mkazi wa kawaida. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019, na fidia ya yeni bilioni 1.4 ikabaki palepale.

Kwa upande wa TEPCO mambo yalikwenda vingine. Waendesha mashtaka walikataa kuwashtaki wakubwa wa kampuni, mpaka jopo la raia wa kawaida likalazimisha washitakiwe. Watatu waliofikishwa mahakamani waliachiwa huru mwaka 2019. Wenye hisa wa kampuni waliowafungulia wakubwa wake kesi ya madai walishinda mwaka 2022, wakubwa wanne wa zamani wakaamriwa kulipa zaidi ya yeni trilioni 13, kisha mwaka 2025 hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa. Bodi za elimu za Japani, hata hivyo, zinabanwa leo na wajibu ambao haukuwa umetamkwa kabla ya Okawa, na wajibu huo ulitoka kwa wazazi wachache walioambiwa na majirani zao wanyamaze.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nafasi ya maswali ni yenu.