Sanaa Huanzia kwenye Mkasi: Wabunifu wa Mavazi wa Uingereza

Ndugu wanafunzi, mafundi mliofunga vibanda mapema ili mfike, na walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie wabunifu wa mavazi wa Uingereza na swali ambalo haliwaishi: je, vazi linaweza kuwa sanaa, sawa na mchoro au sanamu? Jibu langu nalitoa sasa hivi ili msikae mkilisubiri. Linaweza. Ila sababu zinazotajwa mara nyingi sizikubali. Kuwekwa ndani ya kabati la kioo kwenye jumba la makumbusho hakulifanyi vazi kuwa sanaa. Bei kubwa hailifanyi. Picha ya mchoraji maarufu iliyochapwa kifuani nayo hailifanyi. Vazi huwa sanaa pale linaposema jambo ambalo lisingesemeka ila kwa kitambaa kilichokatwa, kikashonwa, kikavaliwa na mwili wa mtu. Hoja hiyo ndiyo nitakayoitetea.

Nianze na Mwingereza aliyejipatia jina huko Ufaransa. Charles Frederick Worth alizaliwa mwaka 1825 huko Bourne, mji mdogo wa Lincolnshire. Ujanani alifanya kazi London kwenye maduka ya vitambaa, na akipata nafasi alikwenda National Gallery, jumba la picha la taifa, kutazama picha za watu wa zamani: mkono wa gauni umekatwaje, hariri inalala vipi inapokunjwa. Kisha akahamia Paris, na mwaka 1858 akafungua nyumba yake ya mitindo. Kabla ya hapo mwenye kauli alikuwa mteja. Analeta kitambaa, anaeleza anachotaka, fundi anashona na kunyamaza. Worth alibuni kwanza, akawavalisha wasichana nguo alizobuni, mteja akaja kuchagua katika zilizopo. Alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kushona jina lake ndani ya gauni, kama mchoraji anavyotia saini. Uzeeni alipigwa picha amevaa kofia laini ya mahameli, mfano wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Alitaka watu wamwelewe hivyo, na walimwelewa.

Jina lile ndani ya gauni lilimwinua fundi, nami nalishukuru. Lakini lilificha mikono mingi iliyoshona. Hilo nitalirudia.

Sasa tuingie London ya karne ya 20. Kitu kimoja kinachowatofautisha Waingereza ni mahali wanapofundishiwa. Katika miaka ya 1930 mchoraji aliyeitwa Muriel Pemberton alianzisha masomo ya mitindo katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's. Zingatieni: chuo cha sanaa. Mwanafunzi wa mavazi alikaa jengo moja na wachoraji na wachonga sanamu, akala nao chakula cha mchana, akaulizwa maswali wanayoulizwa wao. Mwaka 1989 chuo hicho kiliungana na kingine kikawa Central Saint Martins, na wabunifu wawili nitakaowaeleza kwa kirefu wote wamepita hapo.

Wa kwanza ni Alexander McQueen, aliyeitwa Lee na watu wa kwao. Alizaliwa Lewisham mwaka 1969, baba yake dereva wa teksi, yeye kitinda mimba wa watoto sita. Akiwa na miaka 16 aliacha shule akaenda kujifunza ufundi kwa Anderson & Sheppard, washonaji wa suti wa Savile Row, mtaa wa London unaosifika kwa suti za wanaume. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wanaomsifu McQueen huruka sehemu hii na kukimbilia maajabu ya jukwaani.

Koti la Savile Row lina nguo tatu ndani ya nguo moja. Kuna kitambaa cha nje, kuna bitana, na katikati kuna kanvasi ya sufu na singa za farasi. Lile kunjo la kifuani linaloungana na kola halipigwi pasi tu likatii. Fundi anakikunja kitambaa juu ya kidole chake, kisha anakishika na kanvasi kwa mishono midogo ya mshazari, mamia kwa mamia, akikiacha kikiwa kimepinda vilevile. Ukimaliza, kunjo linajipinda lenyewe na litaendelea kujipinda miaka 30. Mshono wenyewe hauonekani kwa nje. Kijana wa miaka 16 anakaa mezani, miguu ameikunja, anarudia mshono huo miezi na miezi. Ndivyo McQueen alivyoanza. Akapita kwa Gieves & Hawkes, akapita kwa Angels and Bermans wanaoshona mavazi ya tamthilia, akafika Milan kwa mbunifu Romeo Gigli. Aliporudi London alikwenda Saint Martins kuomba kazi ya kufundisha ukataji. Bobby Hillson, aliyekuwa akiongoza shahada ya uzamili, aliziona kazi zake akamwambia aingie kama mwanafunzi. Mavazi yake ya kuhitimu ya mwaka 1992 yalinunuliwa yote na Isabella Blow, mwandishi wa mitindo.

Ndipo tunapata ile suruali yake iliyoshuka chini ya kiuno hadi mwisho wa uti wa mgongo ukaonekana. Magazeti yalipiga kelele kuhusu makalio. Yeye alieleza kwamba alitaka kurefusha kiwiliwili, na kwamba kwake ile sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yenye mvuto kuliko zote. Mafundi mliopo hapa mnajua maana yake mezani. Suruali isiyoshikwa na kiuno inabaki kushikwa na nyonga peke yake. Ukikosea kidogo tu pale nyuma, inaanguka au inabana. Alibadilisha umbo la mwanadamu tulilolizoea kwa kusogeza mstari mmoja wa chaki. Mchoraji anaweza kuchora mgongo mrefu, lakini hawezi kumpa mtu anayetembea barabarani.

Februari 1997, katika Borough Market, soko la London, alionyesha mkusanyo uliotokana na mnyama wetu, swala tomi. Alikuwa amemtazama mnyama yule, macho yake meusi, milia ya ubavuni, na maisha yake ya kuwindwa tangu anapozaliwa. Akaona humo hali ya binadamu. Kuna koti moja la ngozi ya kahawia lenye mabega yaliyoinuka, na kutoka mabegani zimechomoza pembe za swala pala, zimejipinda kwenda juu. Walioizoea Serengeti wataona mara moja kwamba pembe ni za swala mwingine. Hilo halinisumbui. Kinachonigusa ni kwamba mvaaji anakuwa windo na tishio kwa wakati mmoja: huwezi kumkumbatia mtu mwenye koti lile, na wakati huohuo unaona shingo yake imeachwa wazi katikati ya pembe.

Septemba 1998 akafanya lile onyesho linalotajwa kila mahali. Mwanamitindo Shalom Harlow alisimama juu ya sahani ya mbao inayozunguka, amevaa gauni jeupe lililofungwa mkanda wa ngozi juu ya kifua. Roboti mbili za kupakia magari rangi zikaamka taratibu, zikamzunguka kama zinamnusa, halafu zikaanza kumpulizia rangi nyeusi na ya njano. Yeye anajikinga kwa mikono, gauni linaharibika, na linapoharibika ndipo linapokamilika. McQueen mwenyewe alilia. Katika onyesho hilohilo Aimee Mullins, mwanariadha aliyekatwa miguu yote miwili akiwa mtoto, alitembea juu ya miguu ya mbao iliyochongwa nakshi za mizabibu, na wengi ukumbini wakadhani ni buti.

Si kila kitu chake nakipokea. Mwaka 1995 aliwaleta wanawake jukwaani wakiwa wamevaa nguo zilizochanika vifuani, wanapepesuka. Alisema anazungumzia Waskoti walivyotendewa na Waingereza, watu waliofukuzwa kwenye ardhi ya mababu zao. Naiamini nia yake. Ukoo wa baba yake ulitoka Uskoti na jambo hilo lilimuuma. Lakini vazi lilisema jambo jingine. Aliyeketi ukumbini aliona wanawake waliodhulumiwa, na historia ya ardhi ikabaki kwenye maelezo ya mdomo. Kwa kipimo nilichowapa mwanzoni, hapo alishindwa, kwa kuwa alilazimika kueleza.

Wa pili ni Hussein Chalayan, naye namweka juu kabisa. Alizaliwa Nicosia, Saiprasi, mwaka 1970, katika jamii ya Waturuki wa kisiwa hicho. Kisiwa kikagawanyika mwaka 1974, na familia za pande zote mbili zikahama makwao. Alikulia huko na London. Kwa kuhitimu mwaka 1993 alizika nguo ardhini pamoja na unga wa chuma, zikapata kutu, akazifukua na kuzionyesha zilivyo.

Februari 2000, kwenye ukumbi wa Sadler's Wells, alipanga jukwaani sebule ya kawaida: viti vinne na meza ya mviringo ya mbao. Mwishoni wakaingia wanawake wanne, wakavua vitambaa vya viti, wakavivaa, vikawa magauni. Viti vyenyewe vikakunjwa vikawa masanduku ya safari. Mwanamke wa mwisho akaiendea meza, akaondoa kipande cha katikati, akaingia ndani ya tundu, akaipandisha. Mbao zikashuka pete kwa pete kumzunguka, ikawa sketi. Wote wakaondoka. Sebule ikabaki tupu.

Wenzangu mliotoka Kigoma hamhitaji kuelezwa. Mmewaona watu wakivuka kutoka Burundi na Kongo na godoro kichwani, sufuria mkononi, na nguo juu ya nguo kwa sababu kilichovaliwa hakihitaji kubebwa. Picha ya habari hutuonyesha mkimbizi na mzigo wake. Chalayan alimwonyesha mtu ambaye nyumba yake imegeuka kuwa vazi lake, bila neno hata moja kutamkwa. Sijui chombo kingine kingeweza kazi hiyo.

Mtauliza, na Vivienne Westwood je? Nampenda, ila kwa sababu tofauti na zinazosemwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakusomea ukataji kwa kirefu, na tangu mwaka 1971 alikuwa na duka namba 430 King's Road pamoja na Malcolm McLaren. Ushonaji alijifunza kwa kufumua nguo kuukuu aone zimeundwaje. Mwaka 1990 alitoa koseti yenye picha ya François Boucher, mchoraji wa Kifaransa wa karne ya 18, picha ambayo asili yake ipo katika jumba la makumbusho la Wallace Collection hapohapo London. Wengi huishika koseti ile na kusema, tazama, mitindo imekutana na sanaa. Mimi naitazama ubavuni. Koseti za zamani zilimbana mwanamke mpaka pumzi ikapungua. Westwood aliweka kitambaa cha kuvutika pande zote mbili, akatia zipu mgongoni. Mwanamke anasimama wima kama wa kwenye picha za kale, na anapumua, na anajivalisha mwenyewe. Ubavu ule una fikra nyingi kuliko Boucher aliyeko mbele.

Kuanzia mwaka 2010 alitengenezesha pia mikoba Nairobi, kwa mahema chakavu, mabango ya matangazo yaliyokwisha kazi, na shaba ya vyuma vilivyoyeyushwa. Alisisitiza kuwa ile ni ajira na haipaswi kuitwa sadaka.

Na hapo ndipo narudi kwenye mikono. Mwaka 2011 Catherine Middleton aliolewa na Mwanamfalme William akiwa amevaa gauni la Sarah Burton, aliyeirithi nyumba ya McQueen baada ya mwenyewe kufariki Februari 2010. Maua ya lesi, waridi, mbaruti wa Uskoti, narisisi na majani ya klova, yalishonwa kwa mkono na wafumaji wa Royal School of Needlework. Walinawa mikono kila baada ya dakika 30 ili uzi usichafuke, na sindano zilibadilishwa kila baada ya saa tatu. Dunia nzima ililiona gauni. Majina ya wale wafumaji hayakutangazwa pamoja na jina la Burton. Kwenye filamu, hata mshika taa huandikwa mwishoni. Sioni kwa nini vazi linalodai heshima ya sanaa lisifanye vivyo hivyo, na ninyi mtakaofungua karakana zenu mnaweza kuanza.

Wapo wanaosema vazi haliwezi kuwa sanaa kwa sababu ni biashara. Ni kweli ni biashara. McQueen aliuza asilimia 51 ya kampuni yake kwa Gucci Group, akaongeza nguvu ya kufanya maonyesho makubwa na pia mzigo wa kuyafanya bila kupumzika. Lakini Rembrandt naye alichora kwa malipo, na wenye pesa walimwambia picha iwe na ukubwa gani. Maonyesho ya kazi za McQueen huko New York mwaka 2011 yalitazamwa na watu zaidi ya 660,000, na yalipopelekwa Victoria and Albert Museum London mwaka 2015 watu wakapanga foleni hadi jumba likafunguliwa usiku kucha siku za mwisho. Umati ule haukuja kununua. Siuleti kama ushahidi kwamba ni sanaa, nauleta kama ushahidi kwamba watu wanaweza kusimama mbele ya mshono na kuutazama kwa utulivu wakipewa nafasi.

Na sisi tumewahi kupewa nafasi hiyo? Wanafunzi wangu wanaonyesha kazi zao kwa dakika mbili, muziki ukivuma, taa zikiwaka na kuzima. Hakuna anayeona ndani ya koti. Kwa hiyo leo sitawaonyesha video. Nimeleta koti kuukuu la mtumba lenye kanvasi ya kushonwa kwa mkono, nililonunua kwa ajili ya kazi hii. Tutalifumua pamoja, tukianza na bitana ya upande wa kushoto, halafu lile kunjo la kifuani. Wenye miwani watangulie mbele. Kila mmoja ashike mshono kwa vidole vyake kabla hatujaendelea na unaofuata, na maswali tuulizane hapohapo mezani.