Sensa ya sukari tuipime kwanza

Wapendwa wanafunzi wa uuguzi na wa maabara, docta zetu mlio hapa mbele, na ninyi wazazi mliotoka Kadutu na Bagira kuja kusikiliza, asanteni kwa kufika.

Sensa hii, kifaa cha kupima sukari mwilini kinachobandikwa mkononi, ina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kwenye uzi huo kuna kimeng'enya, glukosi oksidasi. Sukari ikikutana nacho, umeme kidogo hutokea, na programu huugeuza kuwa namba. Lakini uzi haumo ndani ya mshipa. Umo katika majimaji yanayozunguka seli, na sukari hufika kwenye damu kwanza ndipo ipenye huko. Kwa hiyo sensa huchelewa, mara nyingi dakika 5 hadi 15.

Tuchukue mama aliyekula bugali na sombe. Sukari ya damu yake inapanda miligramu 3 kwa desilita kila dakika, na sasa imefika 200. Sensa inayochelewa dakika 10 itamwonyesha 170. Haijaharibika, inasema ya dakika 10 zilizopita. Kushuka ndiko kunakonitia hofu. Mama huyohuyo amejidunga insulini, sukari inateremka 2 kila dakika, damu iko kwenye 60. Sensa inasoma 80. Mikono inamtetemeka, jasho linamtoka, na kile kioo kinamwambia yuko salama! Mwambieni asikingojee kioo. Anywe chai yenye sukari ya kutosha, atoboe kidole mara moja.

Sasa, makampuni hutangaza usahihi kwa namba moja inayoitwa MARD: wastani wa tofauti, kwa asilimia, kati ya sensa na kipimo cha kulinganishia. Sensa nyingi za leo hutangaziwa 8 hadi 10. Namba hiyo ikija peke yake mimi siipokei. Kosa la miligramu 10 kwenye 250 ni asilimia 4. Kosa lilelile kwenye 50 ni asilimia 20. Ukijaza utafiti wako watu ambao sukari yao iko juu muda wote, MARD itapendeza, na pale ambapo mtu anaweza kuzimia hutakuwa umepima chochote. Tena wamelinganisha na damu ipi? Baada ya kula, damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, basi sensa ileile inaweza kupata alama mbili tofauti.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani, Kevin Hall akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya watu wasio na kisukari waliovaa sensa za aina mbili kwa wakati mmoja. Chakula ni kilekile, mwili ni uleule, lakini sensa hazikukubaliana ni mlo upi unaopandisha sukari zaidi. Na bado kuna watu wanauziwa ushauri wa chakula kwa namba hizo.

Kuna mengine madogo. Mgonjwa akiulalia mkono wenye sensa, usomaji hushuka bure. Siku ya kwanza huwa na makosa zaidi. Parasetamoli, ambayo hapa Bukavu kila nyumba inayo, hupandisha usomaji wa baadhi ya sensa, kwa hiyo muulizeni mgonjwa kama alikuwa na homa.

Hata hivyo ninazitaka sensa hizi Kivu, na ninazitaka sana. Kipimo cha HbA1c, kinachokadiria wastani wa sukari wa miezi michache kwa sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, hupotoka kwa mwenye SS, yaani selimundu, na kwa aliyepungukiwa damu, na wagonjwa wa namna hiyo ni wengi kwetu. Sensa haitegemei chembe nyekundu.

Ndugu wa nyuma ameuliza tufanyeje kama bajeti ni ndogo. Tumieni sensa chache, na bandeleti nyingi, vile vijikaratasi vya kupimia tone la damu ya kidole, za kulinganishia. Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na kuikausha, maana aliyetoka kumenya embe atakupa sukari ya embe. Toboeni kabla ya kula, toboeni tena sukari inapopanda na inaposhuka, na kila tone liandikiwe saa yake, dakika kwa dakika. Saa ya simu na saa ya glikometa, mashine inayosoma bandeleti, zilinganishwe asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi.