Wiski ya Campbeltown: Kutoka Punje ya Shayiri Hadi Pipani

Karibuni tena, watazamaji. Leo tuko Campbeltown, mji mdogo karibu na ncha ya rasi ya Kintyre, magharibi mwa Uskoti. Zamani mji huu ulikuwa na viwanda vya wiski zaidi ya 30. Leo vinahesabika vitatu. Tutafuata kazi ya kimoja, Springbank, kilichoanzishwa mwaka 1828, kwa sababu hapa kila kitu, tangu punje ya shayiri hadi chupa, kinafanyika papo hapo.

Angalizo kabla hatujaanza: video hii ni ya kuelewa, si ya kwenda kujaribu jikoni. Kupika pombe kali bila leseni ni kosa Uskoti, na kwetu pia. Halafu mvuke wake ukikutana na moto, nyumba inaondoka.

Tuanze na kimea. Kama umewahi kumwona bibi akianika ulezi ulioota kwa ajili ya mbege au busaa, hapa huna ugeni. Shayiri inalowekwa siku mbili tatu, maji yanamwagwa, kisha inatandazwa kwenye sakafu na kuachwa iote. Ikiota, inaamsha vimeng'enya, yaani chembe za asili ndani ya punje, vitakavyogeuza wanga wake kuwa sukari. Lakini punje inayoota inatoa joto, na mizizi yake inapenda kusukana kama mkeka. Ndiyo maana mnawaona hawa jamaa na makoleo, wanageuza, wanapumzika, wanarudi kugeuza, hata usiku. Wazee wa kazi hii walikuwa wakibaki na bega moja lililoshuka. Wenyewe waliliita bega la nyani. Viwanda vingi siku hizi vinanunua kimea kilicho tayari, na ukishika koleo hilo nusu saa tu utaelewa kwa nini.

Sogeza kamera. Nimevunja punje moja kwa kucha: ndani ni nyeupe na laini kama chaki. Naipitisha ukutani, inaacha mstari. Basi, imeiva. Ingekuwa bado, ingekwaruza tu.

Sasa kuota lazima kukome, na kinachokomesha ni joto la tanuri. Hapa ndipo moshi unapoingia. Piti ni udongo mweusi wa mimea iliyolala kinamasini maelfu ya miaka; unakatwa kama matofali, unakaushwa, unachomwa. Kimea cha Springbank kinakaa kwenye moshi kwa muda wa saa 6 hivi, kisha kinamaliziwa kwa hewa ya moto. Kwa wiski yao nyingine, Longrow, moshi unakwenda hadi saa 48. Ya tatu, Hazelburn, haiguswi na moshi kabisa. Kiwanda kimoja, wiski tatu, na tofauti imeanzia kwenye tanuri.

Kusaga na kukoroga nitapita haraka. Kimea kinasagwa kwa chenga, kinamiminiwa maji ya moto ya nyuzi 60 na kitu, sukari inatoka. Majimaji yake ni matamu, yana harufu ya togwa. Makapi wanakula ng'ombe.

Majimaji yakipoa yanaingia kwenye matangi ya mbao na kutiwa hamira. Viwanda vyenye haraka huchachusha kwa siku mbili hivi. Hapa yanaweza kuachwa zaidi ya saa 100. Hamira inakuwa imeshachoka, bakteria wanaingia kazini, na ndio wanaoleta harufu ya matunda. Mwishowe unapata kitu kama bia isiyo na uchungu, kileo chake kama asilimia 5.

Njooni kwenye mitambo. Hivi vyungu vya shaba vyenye shingo ndefu viko vitatu. Alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kileo unatangulia kupanda, unapoozwa, unarudi kuwa majimaji. Shaba nayo inakamata harufu za salfa zisiharibu kinywaji. Chungu cha kwanza kinawashiwa moto chini yake, na ndani kuna mnyororo wa shaba unaozunguka ukikwangua kitako, kama mwiko usioacha uji ushike sufuria. Wiski nyingi za Uskoti hupikwa mara mbili. Springbank wanasema yao inapikwa mara mbili na nusu: sehemu ya mpiko wa kwanza inaruka hatua ya katikati, inaenda kuchanganywa na iliyopikwa mara mbili, kisha zote zinapikwa pamoja.

Hili kasha la vioo lenye kufuli ndilo ninalolipenda kuliko yote. Zamani ufunguo alikuwa nao ofisa wa kodi. Pombe inapita ndani na mpishi haigusi, anazungusha vishikio tu kwa nje. Kinachotangulia kutoka kinaitwa kichwa: kikali, hakifai. Anakitia maji kidogo, kinageuka ukungu. Anasubiri. Anajaribu tena. Ukungu ukiacha kutokea, anageuza mrija: moyo umeanza kutoka, na huo ndio utakaokuwa wiski. Baadaye unafuata mkia, mzito, wenye harufu ya ngozi mbichi, anageuza tena. Kichwa na mkia havimwagwi. Vinarudi chunguni na mpiko unaofuata.

Kilichopatikana ni cheupe kama maji, na kisheria bado hakiitwi wiski. Kanuni za mwaka 2009 zinataka kikae kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Uskoti, miaka 3 kwa uchache. Mapipa mengi yanatoka Marekani, ambako sheria ya bourbon, wiski ya huko, inataka pipa jipya lililochomwa ndani. Likishatumika mara moja linauzwa. Hayo ni ya lita 200 hivi. Makubwa, ya lita 500, yana uhusiano na mvinyo wa sheri wa Jerez, Uhispania. Mbao zinatoa rangi, vanila na utamu, na lile tabaka la mkaa linafyonza ukali.

Ghala lina sakafu ya udongo, kuta nene, baridi, giza. Pipa linapumua. Kila mwaka takriban asilimia 2 inapotea hewani. Wenyewe wanaiita fungu la malaika. Pipa la lita 200, baada ya miaka 10, linabaki na kama lita 160. Kwenye joto la Mombasa au Dar malaika wangekunywa zaidi sana, na mbao zingetoa ladha upesi mno.

Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa pipa changa kuliko yote yaliyochanganywa humo. Springbank ya miaka 10 inajazwa ikiwa na kileo cha asilimia 46, bila kutiwa rangi. Na pipa lililomiminwa leo asubuhi, lile pale mlangoni, bado lina nguvu: linasukumwa kwenda kujazwa upya.